Jehanamu Si ya Jirani Peke Yake



Katika vikundi vyetu zinatembea rai mbili juu ya muziki, na zote mbili tunazikataa. Rai ya kwanza yasema kwamba wimbo ni wa Mungu ukiimbwa kanisani, na ni wa shetani ukiimbwa nje. Basi mwimbaji anayeacha korali na kushika gitaa la dansi amekwisha kuiuza roho yake. Rai ya pili yasema kwamba muziki ni starehe tu, maneno hayana kazi, mradi mguu ucheze. Wenye rai hizi hugombana kila mara, lakini kwa kweli ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu wote wawili hawasikilizi. Wa kwanza anatazama mlango ambao wimbo umetokea. Wa pili anatazama miguu yake mwenyewe. Wimbo wenyewe unabaki katikati kama mgeni ambaye hakuna aliyemwuliza habari.

Tunataka kuwajibu wote wawili kwa mfano mmoja: albamu iitwayo Curtis, ya Mmarekani mweusi Curtis Mayfield, iliyotoka mwezi wa Septemba 1970. Ni muziki wa soul na funk, yaani ule ambao watu weusi wa Marekani waliutoa katika nyimbo za makanisa yao na katika blues, wakautia mdundo wa kuchezesha mwili. Ni albamu yake ya kwanza peke yake, baada ya miaka mingi ya kuimba na wenzake. Ina nyimbo nane na inachukua karibu dakika 40. Tumeichagua kwa sababu inafunguliwa kwa wimbo juu ya jehanamu, wimbo ambao jina lake tu likisomwa mlangoni pa parokia, wengi wangekimbia kabla ya kusikia sauti ya kwanza. Nasi twasema waziwazi: kwa dhamiri ya kijana, wimbo huo una faida kuliko nyimbo nyingi tamu ambazo hazimwulizi mtu neno lolote.

Tuanze na wale wa rai ya kwanza. Wanapenda kuuliza mwimbaji ametoka wapi. Vema, tuwajibu. Curtis Mayfield alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942. Bibi yake mzaa baba alikuwa mchungaji wa kanisa dogo, na humo ndimo mjukuu alimoanza kuimba akiwa mtoto, pamoja na rafiki yake Jerry Butler. Nyumbani kulikuwa na umaskini. Sehemu ya ujana wake aliishi katika majengo ya Cabrini, yaliyojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Gitaa alijifunza mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha jinsi nyuzi zinavyokazwa, alizikaza zifuate vibao vyeusi vya piano, na mpango huo hakuuacha tena. Mwaka wa 1958 kikundi chao, The Impressions, kikajulikana. Butler alipoondoka, Mayfield akawa mtunzi na sauti ya mbele, akiwa na Fred Cash na Sam Gooden. Mwaka wa 1965 walitoa People Get Ready, wimbo wenye treni ya wokovu kama zile zilizomo katika nyimbo za kale za watumwa, na watu waliokuwa wakipigania haki zao barabarani wakaupokea kama wao.

Basi kanisa lilikuwa ndani yake. Halikumtoka siku alipobadili jukwaa. Sauti ile ya juu, nyembamba, isiyopiga kelele, aliipata katika kuimba sala. Mazoea ya kumwita mtu kwa jina lake mbele ya Mungu na kumwambia ukweli, aliyapata kwa bibi aliyehubiri. Anayesema kwamba muziki huu umetoka kwa shetani, atueleze ni saa ngapi shetani alifundisha katika kanisa la bibi yule.

Wengine hawasemi juu ya shetani; wanasema juu ya usaliti. Wanasema mwimbaji anayewaacha wenzake ili kutoa albamu yenye jina lake mwenyewe ni mtu wa kujitafutia utukufu. Shutuma hiyo tunaisikia hata katika korali zetu, kila mara mwenye sauti nzuri anapotaka kufanya kazi yake. Lakini tutazame mambo yalivyokwenda. Mwaka wa 1968 Mayfield na Eddie Thomas walianzisha kampuni ya santuri, wakaiita Curtom, kwa kuunganisha majina yao mawili. Mayfield alipotoka kikundini mwaka wa 1970, The Impressions walibaki katika kampuni hiyohiyo, Leroy Hutson akachukua nafasi yake, naye Mayfield akaendelea kuwatungia na kuwasimamia katika kurekodi. Alitoka mlangoni bila kuufunga kwa nyuma yake. Tena, tangu ujana wake alishika mwenyewe haki za nyimbo zake, katika nchi ambamo wanamuziki weusi wengi walitunga na wengine wakala. Mfanyakazi anayejua thamani ya kazi yake na kuilinda si mwenye kiburi. Mwenye kiburi ni yule anayetaka wenzake waimbe bure ili yeye asifiwe.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe. Ili kuuelewa, lazima kukumbuka miaka ile. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa mjini Memphis, na katika siku zilizofuata mitaa ya magharibi ya Chicago iliteketea kwa moto. Tarehe 4 Desemba 1969, kabla ya kupambazuka, polisi waliingia katika nyumba moja ya Chicago na kumwua Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther katika jimbo la Illinois, kijana wa miaka 21. Vita vya Vietnam vilikuwa vinakula vijana, weusi kwa weupe. Mayfield alikuwa ameimba matumaini kwa karibu miaka kumi. Hata matumaini yale yalikuwa yameogopwa: wimbo wake We're a Winner, uliowaambia watu weusi kwamba wao ni washindi, baadhi ya redio zilikataa kuupiga. Mwaka wa 1970 mbele yake kulikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuendelea kufariji kama kwamba hakuna kilichotokea. Ya pili ni kulaani. Angelaani weupe, na wengi katika mji wake wangempigia makofi. Hakufuata hata moja.

Wimbo wa kwanza wa albamu unaitwa (Don't Worry) If There's a Hell Below, We're All Going to Go. Maana yake ni kwamba kama iko jehanamu huko chini, basi sisi sote tutakwenda. Unaanza kwa gitaa la besi lenye mkwaruzo, sauti nzito inayonguruma kama mashine iliyoharibika. Mwanamke anasikika akiongea juu ya kitabu cha Ufunuo. Kisha mwimbaji anaita, kwa sauti iliyofunikwa na mwangwi, makundi ya watu: dada na ndugu zake weusi, na weupe pia, na Wayahudi, akitumia hata yale majina ya dharau ambayo watu wa mitaa yake walipeana. Anawaambia wote habari ileile, halafu anapiga ukelele mrefu. Ndipo ngoma na matarumbeta yanapoingia, na wimbo unakimbia. Ndani yake polisi wanatajwa, hakimu anatajwa, sheria yenye kasoro inatajwa, wenye kutafuta usahaulifu katika dawa za kulevya wanatajwa, na rais wa nchi, Nixon, anaonyeshwa akiwaambia watu wasiwe na wasiwasi. Kwa hiyo neno lile la kutokuwa na wasiwasi, lililowekwa mbele ya jina la wimbo, ni kejeli.

Tunajua jibu litakalotolewa. Watasema: huo ni ukufuru; Mungu hakumwumba mtu ili aende motoni, na asemaye kwamba wote tutakwenda anakana huruma ya Mungu. Hoja hiyo inastahili kujibiwa, nasi tunaijibu kwa Maandiko yanayosomwa katika parokia zetu. Yona alipoingia Ninawi, hakuhubiri kwa masharti wala kwa matumaini. Alitangaza maangamizi baada ya siku arobaini, na basi. Lakini mji haukuangamia, kwa sababu watu waliamini, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na mfalme mwenyewe akaketi katika majivu. Tangazo la nabii lilikuwa mlango, ingawa lilisikika kama ukuta. Nani atasema kwamba Yona alimkufuru Mungu? Kosa la Yona, kama mnavyokumbuka, lilikuwa lingine: alikasirika mji uliposalimika. Yeye alitaka jehanamu iwe ya watu wa Ninawi peke yao.

Hapo ndipo penye uzito wa wimbo wa Mayfield, na hapo ndipo tunapotaka vijana wasimame. Neno kubwa katika jina lile ni «sisi sote». Jehanamu inafuata nyuma. Mwimbaji mweusi, katika mji ambamo polisi walikuwa wameua usiku, alikuwa na sababu zote za kuwapeleka wengine motoni na kujiacha mwenyewe kando. Alijihesabu ndani. Aliwahesabu na watu wake. Hakusema kwamba makosa yote ni sawa, maana wimbo unajua vizuri nani ameshika bunduki na nani ameshika sheria. Alisema kwamba nyumba ikiungua, moto hauulizi chumba hiki ni cha nani.

Tuwageukie sasa wale wa rai ya pili, watu wa miguu. Hao wanaijua albamu hii bila kujua kwamba wanaijua, kwa sababu ya wimbo mmoja: Move On Up. Ni wimbo wa furaha kubwa, wenye matarumbeta yanayopanda kama watu wanaokimbia mlimani, na ngoma zisizochoka. Unamwambia mtoto aende mbele, apande, asikate tamaa hata njia ikiwa ngumu. Kwenye santuri ya kwanza una karibu dakika 9. Ili upigwe redioni ulifupishwa, na kwa namna hiyo ulipendwa sana Uingereza mwaka wa 1971. Mwaka wa 2005 Kanye West alichukua matarumbeta yake na kuyatia katika wimbo wake Touch the Sky. Leo unasikika katika matangazo na michezo, popote watu wanapotaka kutiwa nguvu.

Hatuna ugomvi na furaha. Wala hatuna ugomvi na wale wanaocheza. Daudi naye alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na aliyemcheka ndiye aliyeaibika. Ugomvi wetu ni na tabia ya kuchuma faraja na kuacha kilichoizaa. Santuri ya mwaka wa 1970 ilikuwa na pande mbili. Jehanamu inafungua upande wa kwanza. Move On Up inafungua upande wa pili. Msikilizaji aliyetaka kufuata njia ambayo mtunzi aliipanga, ilimbidi kwanza apite katika nyimbo nne, kisha ainuke kwenye kiti, ageuze santuri kwa mkono wake, ndipo asikie neno la kupanda. Alipanda kutoka mahali fulani. Anayeruka moja kwa moja mpaka kwenye kupanda, anapanda kutoka wapi?

Tutazame alichopita. Baada ya jehanamu unakuja wimbo The Other Side of Town, yaani upande ule mwingine wa mji. Anayesema ni mtu aliyezaliwa mahali ambapo wengine hawafiki. Mdogo wake ana njaa, viatu vya ndugu yake vimechakaa hata mguu unaonekana. Hakuna mdundo wa kuchezesha hapo. Halafu, bila kutegemewa, unakuja The Makings of You, wimbo wa mapendo, wenye kinubi na fidla, mtamu kama asubuhi ya Pasaka. Wapo waliouliza wimbo huo unafanya nini kati ya njaa na hasira. Tunajibu kwamba unafanya kazi kubwa kuliko hotuba. Unashuhudia kwamba maskini hana matumbo tu, ana moyo pia. Kwamba katika upande ule wa mji watu wanapendana kwa upole. Wengi wanaotetea maskini kwa midomo hawawapi ruhusa hiyo. Wanawataka wawe na njaa tu, ili hotuba yao ipendeze.

Wimbo wa nne ndio mgumu kuliko yote: We the People Who Are Darker Than Blue. Unaanza polepole, karibu kama maombolezo. Mwimbaji anawageukia watu wake mwenyewe. Anawauliza kama watakaa hivyohivyo na kuacha yale yanayosemwa juu yao yatimie. Anawakemea wanaogawanyika kwa kiasi cha weusi wa ngozi, mwenye rangi ya maji ya kunde akijiona bora kuliko ndugu yake. Anawaonya wasiuane wao kwa wao. Katikati, ngoma zinafumuka ghafula, matarumbeta yanalipuka, na mwendo unakuwa wa haraka kama watu walioamka usingizini. Kisha mambo yanatulia, na sauti ile laini inarudi na kumaliza ilichokuwa inasema. Ngoma zile ni konga, zilizotoka Cuba, na asili yao wanahistoria wanaihusisha na watu wa Kongo waliopelekwa kule utumwani. Basi kijana wa huku anaposema kwamba muziki huu ni wa wageni, aulize kwanza ngoma hiyo ilisafiri vipi. Tena ilirudi: mwezi wa Septemba 1974 James Brown na B.B. King na Bill Withers waliimba Kinshasa, katika tamasha moja na Franco na Tabu Ley.

Tuongeze neno juu ya sauti. Wapo wanaodhani kwamba ukweli mgumu lazima upigiwe kelele, na kwamba anayeongea kwa upole anaogopa. Mayfield alikuwa na sauti ndogo. Aliyaimba maneno makali kuliko wenzake kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Huo haukuwa woga. Mtu anayepiga kelele hutufundisha kwamba yeye ana hasira. Mtu anayesema kwa utulivu hutulazimisha kutazama jambo lenyewe. Vijana wanaochukua megafoni mbele ya kila tatizo wangefaidika kwa kukumbuka hilo.

Hatutaki kumfanya mwimbaji huyu mtakatifu, maana hoja yetu haihitaji hivyo. Katika albamu hiyohiyo wamo wimbo uitwao Miss Black America, unaosifu msichana mweusi katika taji la uzuri. Kwa haki tukumbuke kwamba shindano lenye jina hilo lilianzishwa mwaka wa 1968 kama malalamiko, kwa kuwa katika shindano kubwa la nchi, Miss America, hakuna msichana mweusi aliyepanda jukwaani hadi mwaka wa 1970. Kumwambia msichana mweusi kwamba yeye ni mzuri lilikuwa neno la ukombozi siku zile, na bado ni neno la lazima mahali ambapo dada zetu wanajichubua ngozi kwa dawa za sokoni. Hata hivyo tunasema kwamba heshima ya binti haipimwi kwa taji, liwe la weupe au la weusi.

Liko na jambo zito zaidi. Mwaka wa 1972 Mayfield alitunga nyimbo za filamu Super Fly, na santuri yake ikawa ya kwanza katika mauzo ya Marekani yote. Filamu ile shujaa wake ni mwuza kokeini, mwenye gari zuri na mavazi ya kupendeza. Katika nyimbo, Mayfield anamlilia anayekufa kwa dawa na kumwonyesha mwuzaji katika uchi wake. Lakini macho ya watu yaliona gari na mavazi. Wanaotuambia kwamba wimbo mwema unaweza kupakiwa katika mtumbwi mbaya wana haki, nasi hatuwapingi. Ndiyo sababu tunasema kwamba kazi ya Mkristu ni kupambanua wimbo kwa wimbo. Kuweka kila kitu katika vikapu viwili na kufunga kifuniko si kupambanua. Ni uvivu uliovaa kanzu.

Tumefika mahali ambapo jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Tusikilize nyimbo tunazozilipia na tunazoziimba. Katika muziki wetu wa dansi kuna mabanga: jina la tajiri linatupwa ndani ya wimbo, kwa sababu amelipa. Biashara, mwanasiasa, mume wa fulani, wote wanapita katikati ya mapendo na kilio, na tunacheza. Katika albamu ya Mayfield rais anatajwa, lakini hakulipa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumtaja mkubwa na kumnunulia mkubwa sifa. Kijana anayekua akisikia kwamba wimbo ni mahali pa kuuza majina, atajuaje kwamba wimbo unaweza pia kuwa mahali pa kuuliza?

Na katika nyimbo za dini je? Hebu tuhesabu ni mara ngapi tunaimba juu ya adui. Adui ameanguka, adui ameaibika, aliyenicheka atanipigia magoti. Adui huyo ni nani? Mara nyingi ni jirani, ni shangazi tunayemshuku uchawi, ni mwenzetu wa kazini. Jehanamu imekuwa shamba ambalo kila mtu anampimia mwenzake kiwanja. Lakini mwanzoni mwa Misa kila mmoja anajipiga kifua chake. Hakuna anayepiga kifua cha jirani. Ni ajabu kwamba mwimbaji wa funk wa Chicago alishika somo hilo, na sisi tulioko kanisani kila Dominika tunalisahau tukifika mlangoni.

Jambo hili si la kupendezesha mazungumzo tu. Katika nchi yetu, na zaidi mashariki, wako wanaowaimbia vijana kwamba shida zote zimeletwa na kabila lile, na lugha ile, na sura ile. Wimbo wa namna hiyo huanza kama mzaha wa sokoni na humalizika kwa kaburi. Anayeuimba anaamini kwamba moto utachoma upande mmoja. Kijana ambaye masikio yake yamezoea kusema «sisi sote», katika toba kama katika matumaini, hatadanganywa upesi. Ambaye amezoea kucheza bila kusikia atadanganywa siku yoyote, mradi mdundo uwe mzuri. Na ambaye amekatazwa kusikiliza kila kitu cha nje ya kanisa hatakuwa na silaha, maana hakufundishwa kutofautisha. Alifundishwa kukimbia tu.

Kwa hiyo hatuombi kwamba nyimbo hizi ziingizwe katika Liturujia. Liturujia ina nyimbo zake, na kila kitu kina mahali pake. Tunaomba kwamba kikundi cha vijana kitakapokutana, kichukue nafasi ya kusikiliza, kwa dakika chache, wimbo mmoja wa nje, na kuuliza: nani anasema hapa? Anamsema nani? Je, amejitia yeye mwenyewe ndani ya hukumu yake? Nani amelipa? Baada ya kuinuka na kucheza, tutakuwa tumemtendea nini jirani? Wimbo unaoshindwa maswali hayo tuuache, hata ukitajwa ndani yake jina la Yesu mara mia. Wimbo unaoyashinda tuupokee, hata ukitoka baa.

Kuhusu Mayfield, limebaki jambo moja ambalo wapenzi wa Move On Up hawalitaji katika matangazo yao. Mwezi wa Agosti 1990, mjini Brooklyn, alipokuwa anapanda jukwaani, upepo uliangusha mitambo ya taa juu yake, akapooza kuanzia shingoni. Gitaa lile la vibao vyeusi hakulipiga tena. Mwaka wa 1996 alitoa albamu nyingine, New World Order. Aliiimba akiwa amelala chali, kwa kuwa hivyo ndivyo mapafu yake yalivyoweza kupata pumzi, mstari mmoja, kisha kupumzika, kisha mstari mwingine. Alikufa tarehe 26 Desemba 1999.

Hatulitaji jambo hilo ili tulie. Tunalitaja ili kuwaonyesha wale wanaopenda kupanda bila kupita kwamba aliyewaambia wapande hakuwa anauza hewa. Neno la matumaini lina uzito wa yule anayelisema, na wa yale aliyokubali kuyatazama kabla ya kulisema. Vijana, msikubali matumaini mepesi, yawe ya redio au ya mimbarini. Na atakayewaambia kwamba jehanamu ni ya wengine, mwulizeni kwa upole, kwa sauti ndogo: je, wewe utakuwa umesimama wapi?